Tuhamie Wapi? Hotuba ya Kamati ya Makazi Siku ya Kuadhimisha Miaka 10



Kamati ya makazi imepewa dakika chache kabla ya chakula, na harufu ya pilau imekwisha kutufikia hapa mbele, kwa hivyo tutaingia ndani ya jambo lenyewe. Miaka 10 tumeweka akiba. Tulianza na kupeana sufuria na vikombe, leo tuna mfuko wa ploti. Na tangu mfuko huo uanze kunenepa, kila mkutano swali ni moja: wale wetu wanaofanya kazi EPZ na viwanda vya Athi River wakae wapi, na kikundi kinunue wapi? Haya ni maswali mawili, akina mama, ingawa sisi huyauliza kwa pumzi moja.

Tuanze na kukaa. Sheria ya EPZ ilipitishwa mwaka 1990, na tangu Marekani ilipofungua soko lake kwa sheria ya AGOA mwaka 2000, cherehani za Athi River zimewaita wasichana kutoka kila pembe ya nchi. Ruhusa ya AGOA lakini huwa na tarehe ya mwisho. Mwaka 2015 iliongezwa miaka 10, na kila tarehe ikikaribia, roho za washonaji huwa juu. Tunalisema hili kwa sababu anayepanga nyumba hupanga kwa mshahara wa leo, na kazi ya kiwandani ni ya kandarasi. Usichukue nyumba ambayo mwezi mmoja bila oda utakutoa.

Sasa hesabu. Wengi wetu huuliza kodi tu. Tuchukue mfano. Chumba cha karibu na geti ni shilingi 5,000, cha mbali ni 3,000. Unasema umeokoa 2,000. Nauli ya mbali ni 60 kwenda na 60 kurudi, siku 26 za kazi: hizo ni 3,120. Umeokoa nini hapo? Bado maji. Mitungi 6 kwa siku kwa shilingi 10 ni 1,800 kwa mwezi, na kuna ploti ambazo maji yamo ndani ya kodi. Kwa hivyo mwulize landilodi maji kwanza, rangi ya ukuta baadaye. Na uyaonje! Maji ya visima vingi vya Kitengela na Athi River yana chumvi, na mengine yana floridi nyingi inayoacha meno ya watoto na madoa ya kahawia. Ya kufulia sawa, ya mtoto kunywa tafuta mengine.

Jambo ambalo haliingii kwenye hesabu ni usiku. Ovataimu ikiisha saa mbili au saa tatu, mama anashuka wapi, na kutoka stejini mpaka mlangoni kuna taa? Kitengela tunaipenda kwa hilo. EPZ yenyewe iko kwenye barabara ya Namanga, kati ya Athi River na Kitengela, na wengine hutembea kwa makundi alfajiri, wakirudi pamoja jioni. Mlolongo ni pazuri kwa mwenye mume anayefanya kazi Nairobi, hasa tangu barabara ya juu ifunguliwe mwaka 2022, ila kodi yake nayo imejua hivyo. Isinya ni nafuu na hewa ni safi, lakini kwa mwenye shifti, tusidanganyane, ni mbali. Kamati yetu inasema: wa shifti apange Kitengela au Athi River mjini, aache Isinya iwe ya kununua.

Na kununua ndiko kunakotutoa jasho. Mnakumbuka Oktoba 2023, nyumba zilivyobomolewa Mavoko kwenye ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji. Watu walikuwa na karatasi. Walikuwa na risiti, vyeti vya hisa, hata picha za siku ya kuonyeshwa ploti. Cheti cha hisa si hati ya shamba, akina mama, hata kikiwa na muhuri mwekundu wa kupendeza. Kabla senti moja ya mfuko haijatoka, sachi ifanywe na watu wetu wenyewe, siyo na wakala. Athi River ni Machakos na Kitengela ni Kajiado. Wakala akikuuzia ploti ya Kitengela kisha akupeleke ofisi nyingine, shika mkoba wako. Tena sehemu kubwa ya huko ilikuwa ranchi ya pamoja ya Wamaasai, iliyogawanywa mwaka 1988. Baba aliuza kipande, mtoto akauza kingine. Ardhi ikiwa bado ni ya kilimo, lazima kuwe na idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe katika miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini hiyo, mkataba ni bure.

Kuna mwenzetu aliyeuliza kwa nini kamati imekataa ploti mbili za bei nzuri karibu na mto. Mwaka 2024 mafuriko ya Aprili na Mei yaliingia nyumba za watu Athi River na Kitengela, barabara ya Namanga ikafungwa pale darajani. Udongo wa kule ni ule mweusi wa pamba: kiangazi unapasuka, masika unashika kiatu, na msingi wa nyumba unakula pesa kuliko kuta. Bei nzuri ilikuwa na sababu yake.

Kwa hivyo safari yetu ya kutazama ploti tatu zilizobaki itakuwa masika, mvua ikinyesha. Wakala ametuomba twende wakati wa jua, na tumemshukuru. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya mkutano wa mwezi ujao, nauli kila mtu na yake, na mje na gambuti.