Uliza Kwanza, Ndipo Upige Picha
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Eldoret)



Mimi nimepiga picha mjini hapa tangu wakati wa filamu ya picha 36. Siku hizo mtu alikuja mwenyewe, akachana nywele, akasimama wima. Leo kila mtu ana simu, na mwenzako anapigwa picha akiwa ameinamia mboga zake, hana habari.

Nikubali kosa langu. Nilimpiga picha mama mmoja, muuza sukuma kando ya Uganda Road, bila kumwuliza. Picha ilitoka vizuri, nikampa rafiki. Baadaye mama akajiona kwenye bango la kuomba misaada. Akaniambia, "Ndugu yangu, kwa hii sukuma nalipa karo ya watoto watatu. Nani alikuambia mimi ni ombaomba?" Sikuwa na jibu.

Sheria nayo iko. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Tena kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Basi kikundi kikitaka picha: salimieni, semeni ni ya kazi gani, ngojeni jibu. Akikataa, shukuruni mwende. Kwa mtoto, ulizeni mzazi. Akikubali, mpelekeeni nakala.

Yule mama nilimrudia, nikamwomba msamaha. Akafunga kitambaa vizuri, akasimama wima. Picha hiyo ameitundika nyumbani kwake.