Kidonge cha Dumuzi Nacho Huwaka



Sehemu ya ugali tunaokula mijini imepita Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapochepuka. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake hapo, na wafanyabiashara nao wana maghala yao. Bila dawa, dumuzi husaga mahindi kabla ya mashine.

Dawa ya kufukizia ni vidonge vya fosfidi ya alumini. Kidonge cha gramu 3 kikipata unyevu wa hewani hutoa gramu 1 ya gesi ya fosfini. Kwamba gesi hiyo huua mdudu na mtu, wengi wanajua. Wasilojua ni kwamba hulipuka. Ikifikia kama asilimia 1.8 ya hewa, cheche ya swichi yatosha. Pengine huwaka yenyewe, bila kiberiti.

Kwa kipimo halali, vidonge vikitawanywa, haifikii kiasi hicho. Hufikia pale mtu anapovirundika mahali pamoja, au bati linapovuja mvua juu yake, au anapokusanya masalia, akayatia kwenye ndoo ya maji na kufunika. Kifuniko hicho ndicho hatari kubwa. Hata kopo jipya hufunguliwa nje, mdomo ukielekea mbali na uso.

Baridi ya Njombe, hasa Juni na Julai, ina hila yake. Gesi hutoka polepole. Mwenye ghala akifunua turubai mapema na kukuta wadudu hai, huona dawa ni hafifu, akazidisha vidonge. Kinachotakiwa kuzidishwa ni siku za kufunika.

Lakini nani amweleze? Nimeona vidonge vikiuzwa viwili viwili katika kipande cha gazeti, hali maelezo yamebaki kwenye kopo la muuzaji, tena kwa Kiingereza! Tangu sheria ya mwaka 2020 tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mimi ningependa maofisa wake waonekane sokoni msimu wa mavuno, si ofisini tu.

Na moto ukishika ghalani penye vidonge hivyo, msimwage maji, kwani maji huongeza gesi. Tumieni mchanga mkavu, na asiye na kazi ya kuzima atoke nje, akae upande upepo unakotoka.