Hojaji ya hisia inapima nini hasa?

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wahudumu wa mapokezi na vijana walio katika mafunzo ya kazini

 

Mwezi uliopita nilijaza hojaji ya akili ya kihisia kwenye intaneti. Niliulizwa kama mimi ni msikilizaji mzuri na kama naweza kuzuia hasira. Nikajibu ndiyo kote, nikapata alama za juu. Siku mbili baadaye, mama mmoja alikuja ofisini kwa mara ya tatu kuulizia fomu ya basari. Nilimjibu kwa ukali mbele ya watu. Nilimwomba radhi, lakini swali likabaki: ile hojaji ilipima nini?

Swali hili linawahusu, kwa sababu baadhi ya waajiri hutumia vipimo kama hivi kuchagua wafanyakazi. Alama inaweza kukupa kazi au kukunyima.

Mwaka 1990, wanasaikolojia wa Marekani Peter Salovey na John Mayer walieleza akili ya kihisia kuwa uwezo wa kutambua hisia zako na za wenzako, na kuzitumia kuongoza mawazo na matendo. Mwaka 1995, kitabu cha Daniel Goleman kililieneza wazo hilo duniani.

Vipimo vyake ni vya aina mbili kubwa. Aina ya kwanza hukuuliza ujieleze mwenyewe, kama kile cha Reuven Bar-On kilichotolewa mwaka 1997. Aina ya pili hukupa kazi ya kufanya. Kipimo cha MSCEIT cha Mayer, Salovey na David Caruso, cha mwaka 2002, kina maswali 141. Unaonyeshwa picha ya uso na kuulizwa kuna hasira au furaha kiasi gani, au unapewa kisa na kuulizwa ni hatua gani ingesaidia. Majibu yako hulinganishwa na ya watu wengi au ya wataalamu.

Watafiti walipowapa watu wale wale vipimo vya aina zote mbili, matokeo hayakuendana sana. Hojaji ya kujieleza inaonyesha zaidi jinsi unavyojiona. Na katika mahojiano ya kazi, nani ataandika kwamba yeye ni mwepesi wa hasira?

Aina ya pili nayo ina mipaka. Kujua jibu sahihi si sawa na kulitenda ukiwa umechoka na foleni ni ndefu. Pia, jibu sahihi kwa nani? Kijana wetu akiinamisha macho mbele ya mzee, sisi tunaona heshima. Mgeni huenda akaona aibu. Kwa hiyo kutafsiri maswali hakutoshi. Kipimo lazima kijaribiwe upya kwa watu watakaopimwa nacho.

Ukiletewa kipimo, uliza mambo matatu. Kinapima uwezo wangu au maoni yangu kunihusu? Kimejaribiwa kwa watu wa lugha na mazingira kama yangu? Nani atasoma matokeo, na yatatumiwaje? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuelezwa taarifa zako zitatumiwa kwa nini. Na anayejiita mwanasaikolojia, muulize kama amesajiliwa.

Sisemi vipimo vitupwe. Kipimo kizuri, kikisomwa na mtaalamu pamoja na mahojiano na ushahidi wa kazi yako, kinaweza kusaidia. Kosa ni kumhukumu mtu kwa alama moja.

Mimi nimemwomba mwenzangu wa dawati la pili anisikilize ninavyowajibu watu, na kila Ijumaa aniambie ukweli. Wiki ya kwanza aliniambia namkatiza kila mtu kabla hajamaliza kueleza shida yake. Hojaji haikuniambia hilo.

 Sasa nakaribisha maswali.