Mswada Uko kwa Kamati, Wewe Uko Wapi?

Kila mwezi wa saba ni kilio kilekile: bei imepanda, makato yameongezeka, nani kapitisha sheria hii? Msikilizaji, mswada ulipotangazwa, wewe ulikuwa wapi?

Mswada si sheria. Katika Bunge la Kitaifa husomwa mara tatu. Mara ya kwanza hutajwa tu, bila mjadala. Kisha hukabidhiwa kamati, na hapa ongeza sauti ya redio. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimu Bunge kuushirikisha umma. Tangazo hutoka gazetini likiwa na tarehe ya mwisho ya kupeleka maoni. Gazeti lilelile unalofungia maandazi!

Mmesahau Mswada wa Fedha wa 2024? Mkate ulikuwa utozwe VAT ya asilimia 16, na magari yatozwe asilimia 2.5 ya thamani yake. Watu walipiga kelele, na tarehe 18 Juni mwenyekiti wa kamati ya fedha akatangaza kwamba kodi hizo zimeondolewa. Wabunge walikuwa hawajapiga hata kura moja.

Baada ya hatua ya kamati, mambo yako mikononi mwa wabunge. Hujadili mara ya pili, huketi kama Kamati ya Bunge Zima wakipitia kifungu baada ya kifungu, kisha mara ya tatu hupiga kura ya mwisho. Mswada ule ulipita tarehe 25 Juni, kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyohiyo waandamanaji waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais akakataa kutia saini. Jamani, tungoje watu wafe ndipo mswada urudishwe?

Na nyinyi mnaokwenda kwenye kikao cha maoni, mnaandika jina, mnachukua soda, mnaondoka! Jina limeshahesabiwa, ripoti itasema mlisikilizwa. Kwenye kikao kimoja nilimwona mama mboga amesimama na karatasi yenye mikunjo. Hakulalamika. Alitaja nambari ya kifungu, akasema kifutwe, akaeleza kitamgharimu nini kwa gunia moja la viazi. Karani aliinua kalamu akaandika.

Wewe wa bodaboda unayengoja abiria, unayo simu. Andika jina la mswada, nambari ya kifungu, unataka kibadilishwe vipi na kwa nini. Mpelekee karani wa Bunge kwa anwani iliyo kwenye tangazo, kabla ya saa iliyotajwa. Wakishafunga kupokea, hawafungui tena kwa ajili yako.