Picha Zetu Ukutani: Ruhusa Huombwa Mara Mbili

Maneno yaliyosemwa mjini Goma mbele ya wazazi wa wanachama wa klabu ya picha, viongozi wa familia zilizohama na mashefu wa avenue.

Tunajua kila aliyefika hapa ameacha kazi ya kutafuta chakula cha leo.

Tumewaita kwa neno moja. Watoto wenu, wanachama wa klabu ya picha, wamemaliza miezi ya kazi, na sasa wanataka kutundika picha zao ukutani ili watu wazitazame. Kabla hatujapigilia hata msumari mmoja, tunataka kusikilizana nanyi. Baadhi yenu mmetuuliza: picha itamsaidia nini mtu aliyekosa shamba? Wengine mmeuliza: uso wa mtoto wangu ukionekana leo, kesho nani atauona? Maswali yote mawili ni ya haki, na tutajaribu kuyajibu yote mawili.

Picha tulizopigwa na wengine

Nchi yetu imepigwa picha tangu zamani. Mwaka 1904 mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha za mama huyo zilionyeshwa katika mikutano mingi Ulaya na Marekani. Watu walizitazama wakakasirika, na hasira hiyo ilisaidia kampeni iliyomlazimisha mfalme Leopold II kuiachia serikali ya Ubelgiji nchi hii mwaka 1908. Basi picha ina nguvu. Lakini tukimtaja Nsala leo, tunajua uchungu wake wa siku ile tu. Alilima nini, alipenda wimbo gani, majirani walimwitaje, picha haikusema.

Hapa Goma nako, wazee mnakumbuka mwaka 1994, watu wengi mno walipovuka mpaka kutoka Rwanda na kipindupindu kikaingia. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Mashirika yaliwapiga picha watoto hao na kuzibandika mahali pa wazi, ili ndugu wakipita wawatambue. Hayo nayo yalikuwa maonyesho ya picha. Mama alisimama mbele ya ubao akitafuta uso mmoja tu. Tunayataja kwa sababu wapo wanaodhani maonyesho ni starehe ya matajiri. Katika mji huu, ubao wa picha umewahi kumrudishia mzazi mtoto wake.

Baada ya hapo kamera zilikuja kila tulipokimbia: volkano ya Januari 2002, vita vya 2008, vya 2012, volkano ya Mei 2021, na Januari 2025 mji ulipochukuliwa na M23, kisha Februari kambi zilizouzunguka mji zikavunjwa. Picha nyingi zilipanda ndege, na waliomo ndani yake hawakuziona tena.

Lakini vijana wa Kivu wameshaonyesha kwamba mwenyeji naye anaweza kushika kamera. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya Covid, mpigapicha Finbarr O'Reilly aliyepata tuzo ya Carmignac alifungua mradi uitwao Congo in Conversation, na wapigapicha wa Kongo wenyewe wakaeleza nchi yao. Miongoni mwao walikuwemo Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo na Arlette Bashizi. Mwaka huohuo Pamela Tulizo wa Goma alishinda tuzo ya Dior ya wapigapicha vijana. Hatusemi kila mwanachama wetu atafika huko. Tunasema njia ipo, na waliopita humo ni watu wa mitaa yetu.

Kazi ya amani iko mezani

Klabu ina vijana waliotoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, na wengine waliozaliwa mjini hapa. Kamera ni chache, hivyo wengi hutumia telefone za kuazimana. Tuliwapa jambo moja la kupiga: kitu ambacho familia ilikibeba ilipokimbia. Wakarudi na picha za bidoni, sufuria isiyo na mfuniko, cherehani, karatasi za shule, kitenge cha bibi, ufunguo.

Ukutani hapatoshi kwa picha zote, lazima kuchagua. Tulizichapisha ndogondogo, tukazipanga mezani bila majina, na kila kijana akapewa punje tatu za maharage. Anaweka punje juu ya picha anayoona ifae, ila si yake. Kisha anaeleza: kwanza anachokiona, halafu ndipo anachofikiri. Mpango huu ni mdogo, lakini unafanya kazi. Picha ya ufunguo ilipata punje nyingi. Walipoulizwa, mmoja alisema, "Naona ufunguo umening'inia kwenye msumari, na mbao nyuma yake si za nyumba unayoifungua." Wengine wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na ufunguo kama huo kwao au alimjua mwenye nao. Hakuna aliyeuliza ni wa kabila gani.

Ugumu ulikuja kwenye maelezo ya chini ya picha. Kijana mmoja alipiga picha ya jembe la babu yake. Chini akaandika kwamba shamba la babu lilichukuliwa, na akalitaja kabila zima kwa jina. Nusu ya klabu ilisimama. Yeye naye akauliza swali ambalo tunawaletea nanyi: "Nikiliondoa hilo jina, si nitakuwa nimesema uongo?"

Tulikaa Jumamosi mbili juu ya swali hilo. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini kuzuia ulimi tu hakutoshi, maana kilichomuuma yule kijana ni cha kweli. Mwisho vijana wenyewe walikubaliana hivi: andika babu yako, shamba lake, alilima nini, mwaka gani aliondoka, amepoteza nini. Andika pia kilichotendwa. Usiandike kwamba kabila fulani ndilo lililotenda, kwa sababu kabila halishiki bunduki, mtu ndiye anayeishika. Na mwenye ushahidi juu ya mtu fulani aupeleke kwa wanaopokea ushahidi, wanaojua kumlinda shahidi. Ukuta wa maonyesho hauna mlinzi wala hakimu.

Kijana huyo aliandika upya, na jembe litatundikwa. Mwenzake mmoja hakuridhika. Aliona tunawafichia wakosaji, akatoa picha yake akaondoka. Tumemtembelea kwao, hajarudi bado. Tunawaambia jambo hili ili msidhani kila kitu kimekwenda sawa. Amani ya watu ishirini kuzunguka meza moja nayo ina gharama yake. Lakini kazi yenyewe ya amani ndiyo hiyo ya mezani. Siku ya maonyesho wageni watayaona matunda yake tu.

Ruhusa ya kupiga, ruhusa ya kutundika

Sasa swali la pili, la uso wa mtoto. Macho hayana pazia. Ukishatundika picha mbele ya watu, huwezi kuchagua nani aitazame. Ndiyo maana klabu ina kanuni ya kuomba ruhusa mara mbili.

Mara ya kwanza ni kabla ya kupiga. Mara ya pili ni kabla ya kutundika, picha ikiwa imekwisha kuchapishwa na mwenye uso akiwa ameishika mkononi. Mtu anaweza kukubali kupigwa akiwa amesimama mlangoni kwake, lakini akakataa kutazamwa na mji mzima. Si ukaidi, ni mambo mawili tofauti. Na aliyekubali mara zote mbili bado anaweza kubadili neno lake. Akija hata asubuhi ya maonyesho akasema "iondoeni", itaondolewa bila kuulizwa sababu.

Kwa mtoto, anaulizwa mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe anaulizwa pia. Mama au binti aliyetendewa ukatili haonyeshwi uso, hata akikubali leo, maana hajui atarudi kuishi karibu na nani. Tumechagua picha nyingi za mikono, migongo, vivuli na vitu. Yule mama wa cherehani anaonekana mikono tu, na kila aliyewahi kushona atamwelewa.

Vijana hawapigi picha za watu wenye silaha, vizuizi vya barabarani wala uwanja wa ndege. Chini ya picha haliandikwi jina la mtu wala la kijiji anachotaka kurudi. Telefone nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa hiyo vijana wamefundishwa kuzima alama hiyo, na picha zinazotundikwa hazitumwi kwenye WhatsApp wala Facebook. Kwa wageni, telefone zitaachwa mlangoni kwa namba, kama unavyoacha mwavuli. Wapo watakaonung'unika. Lakini siku hizi picha ya ukutani ikipigwa na telefone moja, jioni imeshafika Kampala na Brussels.

Jambo jingine: hakuna picha itakayotumika kuandikisha watu kwa msaada. Tunajua katika kambi, mtu akija na kamera, watu hupanga mstari wakidhani jetoni zinatolewa. Aliyepigwa picha hataongezewa kitu, na aliyekataa hatapunguziwa. Tafadhali, mashefu, litangazeni hili kwa sauti.

Siku yenyewe

Maonyesho yatakuwa mchana, kwa sababu umeme hukatika na watu wanaotoka mbali wanataka kufika nyumbani kabla ya giza. Yatakuwa ndani ya ukumbi, maana mvua ya Goma haingoji. Picha zitaning'inizwa kwa kamba na vibanio vya nguo, katika kimo ambacho hata mtoto na mzee aliyeketi wataona. Kiingilio hakuna. Maelezo yatakuwa ya Kiswahili, na vijana watayasoma kwa sauti kwa wasiojua kusoma.

Tumejifunza pia kutoka kwa majirani. Baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, ambapo zaidi ya watu 1,100 walikufa, mpigapicha Boniface Mwangi alianzisha mwaka 2009 maonyesho ya barabarani yaitwayo Picha Mtaani. Picha za vurugu zile zilitembezwa mji hadi mji, na watu wakazungumza juu ya walichokiona. Kuna tofauti: wao walionyesha jeuri yenyewe ili watu wasiirudie, sisi tumechagua vitu vilivyobaki mikononi, kwa sababu vidonda vyetu bado ni vibichi. Lakini somo ni lilelile. Usimwonyeshe mtu picha inayomgusa kisha ukamwacha atoke peke yake. Kwa hiyo nyuma ya ukumbi kutakuwa na viti, maji ya kunywa, na mama wawili waliofundishwa kusikiliza. Atakayelia hatapigwa picha.

Maonyesho yakiisha, picha hazitakwenda kuwekwa katika ofisi. Kila mtu atapewa ile aliyomo au ya kitu chake. Familia nyingi hapa zilipoteza picha za arusi na za marehemu wao, katika lava au njiani. Kwa nyumba kadhaa hii itakuwa picha ya kwanza kutundikwa tena.

Tunachowaomba

Tunawaomba mambo matatu. La kwanza, njoni kuzitazama picha zote leo, kabla ya mtu mwingine yeyote, na mtuonyeshe ile ambayo mnaona italeta hatari. Nyinyi mnajua njia za kurudi na watu walioko huko kuliko sisi. La pili, mkae pamoja siku ile, viongozi wa jamaa zote, msikae kila mmoja na watu wake. Vijana watawatazama nyinyi zaidi ya picha. La tatu, mtusaidie kumfikia yule aliyeondoka. Hatumwombi abadili mawazo yake. Tunataka ajue kwamba nafasi yake kwenye kamba bado ipo.

Picha ziko mezani, zimepinduliwa. Karibuni mzifunue wenyewe.