Neno la Kumkumbuka Kijana Wetu wa Vita vya Kagera



Tunapomshukuru Mungu kwa miaka 100 ya usharika huu, naomba tumkumbuke kijana mmoja ambaye kwa muda mrefu tumemtaja kwa sauti ya chini. Nilipata naye Kipaimara. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye aliitwa, nami nikabaki. Tulimwaga hapa kanisani kwa sala. Kabla hajafika mstari wa mbele, lori lililomchukua yeye na wenzake lilipinduka njiani, naye akafariki.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Askari wetu waliporejea, tuliwapokea kwa nyimbo na vigelegele. Mama yake alikaa benchi la nyuma. Wapo walionong'ona kwamba kufa ajalini si kufa vitani. Wengine wakatafuta laana katika ukoo. Nasi tulinyamaza. Hata nilipotoka Makumira nikiwa mchungaji, nilimtembelea mama huyo mara nyingi bila kuligusa jambo hilo.

Wapendwa, waandishi Tony Avirgan na Martha Honey, waliovishuhudia vita vile, waliandika kwamba Tanzania ilipoteza askari 373, na kati yao 96 tu waliuawa katika mapigano. Basi kijana wetu hakuwa peke yake. Wengi wa mashujaa wetu mauti iliwakuta nje ya mapigano. Naye Bwana wetu, katika Luka 13, aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakanusha kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao.

Kijana huyu aliutoa uhai wake siku alipoitika wito. Mahali pa kufia hakupachagua yeye.

Mama yake amekwisha kulala katika Bwana. Hatuwezi tena kumwomba radhi. Lakini jina la mwanawe limo katika kitabu hiki, katika orodha ya washarika waliolitumikia taifa, wala halikuwekewa maelezo ya namna alivyokufa. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, na lisomwe pamoja na mengine, kwa sauti ile ile.

Bwana awabariki. Amina.