Mrija wa Maji

Saa moja jioni, matatu zimekwama Jogoo Road, na saiba za Donholm na Umoja bado zina wateja. Mmoja anachapa barua ya kuomba kazi. Mwingine, mwanafunzi wa uzamili wa bioteknolojia, anauliza bei ya data ya maabara pamoja na sura ya nne ikiwa imeshaandikwa. Anatuma M-Pesa, anaenda zake kula.

Msikilizaji mwenye mwana anayesoma shahada ya pili amezisikia sababu zote za kununua data: vitendanishi ni ghali, kibali cha utafiti cha NACOSTI kimechelewa, msimamizi hapatikani. Zina ukweli, lakini zimegeuzwa blanketi la uvivu.

Chukua PCR, mbinu aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983: hunakili kipande cha DNA mara mamilioni. Kando ya mirija ya sampuli huwekwa mmoja wenye vitendanishi na maji safi, usio na DNA yoyote. Kwenye jeli ya kusomea matokeo, njia yake inatakiwa iwe tupu. Ikionyesha ukanda, uchafu umeingia na kazi ya siku nzima inatupwa. Aliyewahi kutupa kazi hivyo hubadilisha ncha ya pipeti bila kukumbushwa. Aliyenunua matokeo huulizwa na watahini mrija wa maji ulionyesha nini, akaanza kukohoa.

Mafunzo ya kweli hayako ng'ambo tu. Outering Road humfikisha mtu wa Umoja Thika Road, kisha Kasarani, kwenye icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970. Tangu 1983, mpango wake wa ARPPIS umewalea wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi nyingi za Afrika. Kabete nako kuna ILRI, kituo cha utafiti wa mifugo na magonjwa yao.

Wako pia wanaonunua nusu. Sampuli wanachukua wenyewe, halafu wanamwachia fundi wa maabara azimalizie, na hao ndio hujiona wasafi kuliko wote! Stima ikipotea usiku friza ikayeyuka, hawana habari. Kesho wanaajiriwa kupima kifua kikuu cha mtu wa Kayole.

Wasimamizi nao wasijifiche nyuma ya mikutano. Daftari la maabara likaguliwe kila wiki, lenye tarehe, na kosa likatwe kwa mstari mmoja ili lisomeke. Daftari safi mno ndilo la kuulizia kwanza.